Mwekezaji anataka asilimia 51 na mzani utolewe. Nikubali?

MamaKrispsi_Uyole

Habari zenu, na wakubwa shikamooni. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa, maana nimeahidi kutoa jibu.

Natengeneza krispsi za viazi hapa Uyole, Mbeya, huu mwaka wa tano. Nilianza na karai moja na jiko la mkaa, leo tuko wanawake 9. Viazi nachukua kwa akina mama 38 wa Uporoto, barabara ya Isyonje kwenda Kikondo. Nawapimia kwa mzani shambani na kulipa hapo hapo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, siitaki kabisa. Mauzo yanafika milioni 7 kwa mwezi, nikitoa gharama zote inabaki kama milioni 1.3. Oda ninazokataa ni nyingi kuliko ninazopeleka kwa sababu tunakata kwa mkono. Nahitaji mashine ya kukata, kikaangio kikubwa na mashine ya kufungia pakiti. Jumla milioni 60.

Benki nimekwenda, wanataka dhamana. Hati ya nyumba ina jina la mume wangu na yeye anasita. Simlaumu, watoto wetu watatu wanalala humo.

Sasa kuna mwekezaji wa Dar. Anatoa hizo 60, anachukua asilimia 51. Anataka viazi tununue sokoni kwa madalali, kwa gunia, na tulipe baada ya siku 45. Chumba ambacho wafanyakazi wangu wanalaza watoto wachanga kiwe stoo. Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Lakini bila hela nitabaki na makarai yangu. Mngefanyaje?

MzeeWaSoweto

Marahaba binti. Mimi nasema chukua. Asilimia 49 ya kiwanda ni kubwa kuliko asilimia mia ya karai. Wale akina mama wa Uporoto watapata wanunuzi wengine, viazi havikosi soko.

Mhasibu_Forest

Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubaliani. Dada, tupige hesabu kwanza. Milioni 60 kwa asilimia 51 maana yake baada ya hela kuingia biashara nzima ina thamani ya kama milioni 117.6. Toa 60 zake, yako ameithamini milioni 57.6. Faida yako ya mwaka ni milioni 15.6, kwa hiyo kakupa chini ya miaka minne ya faida kwa kazi ya miaka mitano. Bei si ya wizi, ila tatizo ni ile 51. Mwenye zaidi ya nusu ya kura ndiye anayeteua na kuondoa wakurugenzi. Hata wewe anaweza kukutoa kwenye kiti, ukabaki na hisa zako nyumbani.

Halafu nikuulize, umesajili kampuni BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, au una jina la biashara tu? Jina la biashara halina hisa, hakuna cha kumuuzia mtu.

MamaKrispsi_Uyole

Jina la biashara tu kaka. Kumbe.

MkulimaWaKikondo

Mimi ni mmoja wa hao 38, nimeona uzi huu kwa simu ya mwanangu. Naomba niseme kidogo.

Mzee wa Soweto, wanunuzi wapo kweli. Wanakuja na gunia, wanashonea shada juu ya mdomo, wanalipa bei ya gunia moja. Mwaka juzi tulipima lumbesa moja nyumbani, kilo 136. Sheria ya Vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hizo 36 nililima, nikapalilia, nikabeba kichwani mpaka barabarani, halafu hazikulipwa. Huyu dada alipokuja na mzani tulianza kumchagulia viazi. Vilivyokatwa na jembe hatumpelekei, vya kijani hatumpelekei. Hakuna aliyetuamuru. Wa lumbesa tunamjazia chochote.

MamaKrispsi_Uyole

Mama, umenitoa machozi. Na ni kweli kabisa. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali kinageuza wanga kuwa sukari, ukikikaanga kinakuwa cha kahawia na chungu. Ninyi huwa mnaniambia mmevuna lini na vimelala wapi. Dalali wa sokoni hajui, na akijua hasemi. Nilikuwa naona mzani kama huruma yangu tu, kumbe ndio unaoniletea krispsi nyeupe.

DadaWaNjombe

Mwenzio niliingiza mbia kwenye kukausha matunda. Tuliahidiana kwa mdomo kwamba bei ya wakulima haitaguswa. Msimu wa pili ikaguswa, wa tatu wakulima hawakuja, mitambo ikalala. Siku hizi nimeajiriwa. Tafadhali, kila unachokithamini kiingie kwenye mkataba wa wanahisa: mzani, kulipa papo kwa papo, na hicho chumba cha watoto. Mama anayenyonyesha akikosa pa kumlaza mwanae haji kazini, na utafundisha mwingine kukaanga kuanzia mwanzo.

Kuhusu nyumba, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Inakulinda na wewe pia. Msimsukume mzee wa watu.

Mhasibu_Forest

Naongezea. Kwa nini milioni 60 zote leo? Mashine ya kukata na kikaangio ni shilingi ngapi?

MamaKrispsi_Uyole

Milioni 22.

Mhasibu_Forest

Basi kwa bei yake mwenyewe, milioni 22 zinanunua karibu asilimia 28. Unabaki na 72, wakurugenzi unateua wewe. Yeye naye analindwa, maana kubadili katiba ya kampuni kunahitaji robo tatu ya kura, na 72 zako peke yake hazifiki. Akikataa, ulizia mkopo wa vifaa, wengine wanaita karadha. Mkopeshaji ananunua mashine, inabaki mali yake mpaka umalize kulipa. Mashine ndiyo dhamana, hati ya nyumba inabaki kabatini. Na ninyi 9 mkisajili kikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo ni za wanawake. Foleni ni ndefu, lakini anza.

MzeeWaSoweto

Binti, nimemsoma huyo mama wa Kikondo mara mbili. Ile kauli yangu naiondoa.

MamaKrispsi_Uyole

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimempigia mwekezaji leo mchana. Nimemwambia milioni 22 kwa 28, mzani na chumba viandikwe. Amesema atafikiri, sauti haikuwa ya furaha. Kesho naanza usajili wa kampuni, na Jumatatu nakwenda kuulizia hiyo karadha bila kumngoja.

MkulimaWaKikondo

Jumamosi uje mapema mwanangu, huku mvua inaanza saa saba. Tuna kama kilo 400.