Mkarafuu unakauka tawi moja moja: ni kuvu ya matawi au kifo cha ghafla?

MkulimaWete
Asalam alaykum wanajamvi. Mkarafuu mkubwa, upo Mtambwe, umekauka matawi mawili upande mmoja. Majani yamekuwa kahawia lakini yangali yananing'inia, na matawi ya pembeni mabichi kabisa. Mchwa hakuna. Jirani anasema ni kifo cha ghafla, niung'oe. Nihakikisheje? Na dawa ya kupuliza itafaa?

BwanaShamba_Pba
Wa alaykum salaam. Usiung'oe kwanza. Kifo cha ghafla huanzia mizizini, kwa hiyo kilele chote huugua pamoja: majani hufifia, mengi hupukutika, yaliyobaki hukaukia juu. Tawi kufa na jirani yake likabaki zima ni dalili ya kuvu inayokausha matawi, Cryptosporella eugeniae, ambayo watafiti Nutman na Roberts waliieleza hapa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kuvu hii haipenyi ganda zima. Huingia kwenye jeraha, na jeraha baya kuliko yote kwa mkarafuu ni tawi lililovutwa kwa upembo wakati wa kuchuma hadi likachanika kwenye panda. Kutoka hapo hushuka ndani ya tawi kuelekea shina.

Chukua kisu kikali, anza pale palipokufa, kwangua ganda ukishuka. Palipo hai pana unyevu na rangi ya kijani hafifu. Palipokufa ni kahawia na pakavu. Kisha chonga hadi ndani ya mti: ukiona wekundu wa kahawia, ufuate mpaka ukome. Mpaka huo ndio unaoamua kila kitu.

Ummu_Mikarafuu
Naongeza hapo: wekundu wa ndani huweza kushuka chini zaidi ya pale ganda linapoonekana limekufa. Anayetazama ganda peke yake hukata juu mno, ugonjwa ukabaki, kisha akaamini kupogoa hakusaidii.

MkulimaWete
Shukran. Nimekwangua, wekundu upo, unakoma kabla ya panda. Nikate vipi?

FundiPogoa
Tumia msumeno, panga linachana nyuzi na kuacha jeraha jipya. Shuka chini ya mwisho wa wekundu kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Tawi zito lipunguze uzito kwanza: kata kwa chini hadi theluthi, kisha kwa juu mbele kidogo, lianguke bila kuchuna ganda la shina. Kipande kilichobaki kikate mwisho, karibu na uvimbe wa kiungo, pale tawi linapoota kutoka shinani, usiuguse uvimbe wenyewe. Tazama uso wa mkato. Ukiona hata doa moja la wekundu, shuka tena.

Msumeno ufute kwa spiriti kabla ya kugusa tawi au mti mwingine. Matawi yaliyokatwa yatolewe shambani yakachomwe mbali. Moto usikaribie mkarafuu, ganda lake haliwezi joto. Kazi hii ifanyike kiangazi, masika yasubiri.

Ummu_Mikarafuu
Jeraha lipakwe siku hiyo hiyo. Mrututu (salfeti ya shaba) gramu 100 uyeyushe katika nusu lita ya maji kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya chuma. Chokaa gramu 100 koroga katika nusu lita nyingine, chuja, halafu mimina mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Chovya msumari safi kwa dakika moja: ukitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa. Chokaa iliyokaa wazi muda mrefu imekwisha nguvu. Vaa glavu, tumia siku hiyo hiyo.

Kupuliza ni hasara. Kuvu imo ndani ya mti, dawa inabaki juu ya majani.

MkulimaWete
Na miti mingine wekundu ukiwa umeshafika shinani?

BwanaShamba_Pba
Kama umezunguka shina, sehemu yote ya juu itakufa. Hapo kata shina lote lililougua, chini ya wekundu. Ukitaka uthibitisho wa maabara, peleka kipande chenye mpaka wenyewe, nusu hai nusu kimekufa, kiasi cha sentimita 20, kimefungwa gazeti. Usikifunge kwa nailoni, kitaoza. Tawi kavu tupu halifai, kwa sababu mti uliokufa huvamiwa na kuvu nyingi zisizo na hatia, na maabara itakuotesha hizo badala ya mkosaji.