Naomba ushauri: bekingi soda kwa ubwiri unga kwenye matango na maboga

Habari zenu wakulima. Naombeni ushauri kuhusu bustani ya matango na maboga hapa Ilemela, Mwanza. Majani ya chini yana madoa meupe. Ni ubwiri unga, si ubwiri vinyoya: unga uko juu ya jani, na ukisugua kwa kidole unatoka.

Dawa ninayopuliza ni kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda (kama gramu 5) kwa lita 1 ya maji, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji ili ishike kwenye jani. Napuliza jioni, juu na chini ya jani, kila baada ya siku 7. Ikifika gramu 10 kwa lita, au ikipulizwa jua likiwa kali, kingo za majani huungua. Magadi ya kupikia maharage hayafai kabisa, ni makali mno.

Madoa mapya yamepungua, ya zamani yapo palepale, maana soda huzuia zaidi kuliko kuponya.

Hofu yangu kubwa ni sodiamu kujikusanya ardhini. Udongo wetu ni luseni, yaani wa kichanga, maji hupita haraka, lakini kiangazi hakuna mvua ya kuisukuma chini ya mizizi. Je, mnapuliza mara ngapi kwa msimu kabla ya kuacha? Kuna aliyejaribu maziwa, sehemu 1 kwa maji sehemu 9? Salfa naiogopa, kwa joto hili huunguza majani ya matango.