Naomba ushauri: binti yangu anataka kujifunza kaiti Paje

Asalaam alaykum ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 16, anaogelea vizuri, na likizo hii ameng'ang'ania kujifunza kaiti, ule mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao ukivutwa na tiara kubwa. Tunakaa mjini Unguja, kwa hiyo Paje, huko pwani ya mashariki, si mbali. Nimefurahi kwa kweli. Bahari ni yetu, lakini mchezo huu tumewaachia wageni mno.

Upepo naujua: kusi la Juni hadi Septemba, na kaskazi ya Disemba hadi Machi. Nasikia kusi huvuma kwa nguvu zaidi. Kwa anayeanza, je, anaweza kulimudu, au nimngojeshe hadi kaskazi?

Kinachonitia hofu zaidi ni maji. Paje yakipwa, hasa bamvua (siku za mwezi mpya au mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana), ufukwe wote huwa mtupu hadi karibu na mwamba, na palepale pana vigingi na kamba za mwani wa kina mama. Akianguka juu ya vigingi je? Na mwani wa watu ukikatika, hiyo ni riziki ya mtu. Walimu huwapeleka wanafunzi upande gani, na saa zipi za maji?

Pia, anavaa hijabu. Kuna mwalimu wa kike Paje au Jambiani? Na vazi gani la kujistiri halinasi kwenye kamba za tiara?

Walimu wa huko na wazazi mliotangulia, nisaidieni. Tunatarajia kwenda mwezi ujao, inshallah.