Nyasi, maua na mti mdogo kwa nyumba iliyo karibu na bahari

Mkaazi_Bamburi: Wadau, naomba ushauri. Mbele ya nyumba nina nafasi ya mita 8 kwa 6. Nusu inapigwa jua kutwa, nusu imefunikwa na kivuli cha mwembe wa jirani. Juu ni mchanga, ukichimba futi mbili unagonga jiwe la matumbawe. Maji ni ya kisima, yana chumvichumvi. Nataka nyasi, maua na mti mmoja usiopasua ukuta. Ikisora zilizopo, vile vichaka vya maua, zimegeuka manjano.

Fundi_Miche: Hizo ikisora zikague kwanza. Kama majani machanga ni manjano lakini mishipa yake bado kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Chuma kinaweza kuwemo udongoni, ila chokaa ya matumbawe inakifunga, mizizi haikipati. Usimwage majivu hapo, yatazidisha tatizo. Dukani uliza mbolea ya chuma cha aina ya EDDHA. Kile cha EDTA hakidumu kwenye udongo wa chokaa. La sivyo, zihamishie kwenye vyungu, uwe unazinywesha maji ya mvua.

Mti: msanapichi, bila kusita. Kata tawi la sentimita 40, ondoa majani, liweke kivulini wiki moja hadi mbili mpaka utomvu ukauke. Lisimike sentimita 10 kwenye mchanga usiotuamisha maji, mita 2 kutoka ukutani. Kabla halijachipua maji yawe kidogo sana: shina likibonyea chini, limeshaoza. Mwarobaini na mkrismasi ni miti mizuri, lakini si kwa uwanja wa mita 6.

Shamba_la_Pwani: Nyasi usipande aina moja. Ukoka chini ya mwembe utakonda mpaka uishe. Upande wa kivuli weka majani ya Pemba, yale mapana. Upande wa jua weka pasipalamu, inavumilia chumvi. Panda vipande vyenye mizizi, sentimita 15 kati ya kimoja na kingine, masika yakianza. Majani ya Pemba yakate kwa kimo cha sentimita 6 hivi. Ukiyanyoa hadi chini, magugu yanaingia.

Maji ya kisima usiyanyunyize kidogo kila jioni, chumvi itabaki juu. Lowesha kwa kina asubuhi, mara chache.

Mkaazi_Bamburi: Asanteni sana. Na maua? Nimeonyeshwa oleanda, wanasema haisumbuliwi na upepo wa bahari.

Bi_Asumini: Ni kweli haisumbuki, lakini ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Penye watoto au mbuzi iache kabisa. Ukutani panda bogenvilia, penye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Ukiijaza samadi na maji itakupa majani matupu. Iache ikauke kidogo ndipo ichanue. Karibu na baraza weka asumini, maana inafunguka jioni na harufu inaingia ndani. Ipogoe kila ikimaliza kuchanua, kwani maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Kandokando ya njia panda mchaichai, sentimita 60 kwa 60.