Mdogo wangu kashikwa jana jioni, kituoni wanataka laki na nusu ya dhamana. Sheria inasemaje?

dada_wa_bodaboda:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada wa haraka. Mdogo wangu anaendesha bodaboda, jana saa kumi na mbili jioni ilikuja difenda kijiweni wakabebwa vijana wanne, eti kuna abiria kaibiwa simu. Dogo anauliza kosa langu nini, anajibiwa utalijua mbele ya safari. Usiku nilipeleka chakula wakakipokea ila kumuona wakakataa. Leo asubuhi askari wa kaunta ananiambia niandae laki na nusu ya dhamana, nisipoleta leo Ijumaa atalala humo mpaka Jumatatu. Mama hajatia kitu mdomoni tangu jana. Nina elfu sabini tu, je nikope nilipe au kuna haki yoyote hapa??

msaidizi wa sheria mtaani:
Pole sana dada yangu. Usikope. Dhamana ya polisi haina bei, vituo vingi wamebandika kabisa ukutani DHAMANA NI BURE. Watu wanachanganya kitu kimoja, kwenye ile fomu kuna kiasi kinaandikwa, mfano laki tano, ile ni ahadi ya mdhamini kwamba mtuhumiwa asipotokea ndiyo atadaiwa, sio hela ya kumpa mtu mkononi. Wizi wa simu unadhaminika, sio mauaji wala unyang'anyi wa kutumia silaha.
Sasa fanya hivi, pita kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua, beba kitambulisho chako cha NIDA, rudi pale kaunta na mtu mzima mmoja wa kusimama na wewe. Ongea kwa heshima, uliza vitu vitatu tu: anatuhumiwa kosa gani, mpelelezi wake nani, namba ya jalada ngapi. Andika mbele yao. Wakisema bado hela omba kuonana na OCS, yaani mkuu wa kituo, ikishindikana TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, piga 113, ni bure.
Na hiyo ya Jumatatu isikutishe. Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 pale inapowezekana, isipowezekana na kosa sio zito basi adhaminiwe. Kumwambia mtu kosa lake wakati wa kumkamata nayo ni sheria, hawamfanyii hisani.

Mzee wa Gati:
Dada mimi nakushauri lipa tu umtoe mtoto, hizo sheria ziko kwenye vitabu, mle ndani kuna joto na mbu, siku tatu sio mchezo.

niliyesaini:
Mzee wangu nakuheshimu ila ukilipa leo kesi inabaki palepale, na kesho wanawakamata tena wale wanne kwa sababu wameshajua wanalipa. Mimi naomba niongelee maelezo, yale polisi wanayomwandikisha mtuhumiwa na kumsainisha, maana ndiyo yaliyonifunga miezi minane rumande. Niliitwa chumbani usiku, mpelelezi alikuwa ameshaandika kurasa mbili, akanisogezea ile ya mwisho amelaza kiganja juu ya maandishi imebaki mistari miwili ya chini na sehemu ya sahihi, akanipa peni akasema saini ukalale. Nilikuwa na usingizi na njaa nikasaini. Mahakamani ndiyo nasikia yanasomwa kwamba nilikiri kuvunja duka, duka lenyewe hata silijui.
Mwambieni dogo halazimishwi kusema chochote zaidi ya jina lake na anapoishi, akiamua kueleza ana haki ndugu, rafiki au wakili awepo, na asomewe yote kabla ya kuweka hata dole gumba. Kama kuna kitu sio chake akatae kusaini, asitukane, asigombane na mtu, akatae tu.

dada_wa_bodaboda:
Mungu awabariki. Nimetoka kituoni sasa hivi saa kumi na moja, barua ya mwenyekiti nilikuwa nayo, kaunta wakanizungusha weee nikaomba kumuona mkuu wa kituo, alivyosoma barua akauliza tu mpelelezi yuko wapi, dogo akatoka bila hata mia. Kuripoti Jumanne. Ila roho haijatulia, anasema waliwaandikisha maelezo saa saba usiku na yeye kasaini bila kusomewa. Ndiyo basi tena??

msaidizi wa sheria mtaani:
Afadhali katoka. Hapana sio basi. Sheria inawapa saa nne za kumhoji tangu akamatwe, zaidi ya hapo muda lazima uongezwe kwa utaratibu wake. Saa kumi na mbili mpaka saa saba ni saa saba hizo. Kesi ikifika mahakamani na wakataka kuyatoa maelezo kama ushahidi, apinge palepale kabla hayajapokelewa, aseme muda ulipita na hakusomewa.
Akishaoga na kula mkalishe chini na daftari, aandike leo leo kabla hajasahau: saa aliyokamatwa, saa aliyoitwa chumbani, nani aliandika, nani alikuwepo. Wale vijana watatu nao waandike ya kwao, kila mtu kivyake.