Msaada wakuu: nataka kuziba kelele na joto ndani ya Fairlady Z, nianzie wapi?

Kibatari
Wakuu habari za jioni. Nina Nissan Fairlady Z, ile Z33 ya 2004, injini 3.5 V6, gia ya mkono, imetoka bandarini mwezi wa tatu. Gari naipenda balaa ila kuna mambo mawili yananimaliza. La kwanza kelele, nikiwa barabara ya Bagamoyo spidi 80 mimi na mama watoto tunaongea kama tupo mashine ya kusaga, na kelele zenyewe zinatoka nyuma, ni kama mtu anaburuza pipa humo kwenye buti. La pili joto, yani pale kwenye gia, paja la kushoto nikikaa foleni ya Mwenge nusu saa linaiva kabisa na AC inapuliza.

Nimeenda kwa fundi mmoja akasema ananivua gari lote anabandika yale maroli meusi yenye karatasi ya rangi ya fedha, chini, milango, rufu, kila mahali, milioni moja na laki mbili. Mwingine akasema hizo ni mbwembwe, ananiwekea sponji ya godoro chini ya kapeti kwa laki na nusu inatosha. Mi sielewi hapo tofauti ni nini. Aliyewahi kufanya naomba anielekeze, bajeti yangu ni kama laki sita hivi.

Mla Korosho
Uza hiyo nunua Crown ulale usingizi. Next.

Kibatari
Mkuu Crown anayo kila mtu mtaani kwangu, mpaka mpangaji wa chumba cha nyuma.

Altezza ya Mama
Kaka usije ukathubutu sponji ya godoro. USITHUBUTU. Mi niliwekewa kwenye Altezza mwaka juzi, mwezi wa kwanza raha, kimya. Kumbe mpira wa kutolea maji ya AC ulikuwa umeziba, maji yanamwagikia ndani chini ya kapeti mguuni kwa abiria na lile sponji linayanywa tu kimya kimya, juu pakavu huoni kitu. Nilikuja kustuka gari linanuka kama soksi za mwanafunzi wa bweni, kufunua, sponji imelowa chapachapa na bati la chini limeshaanza kutu. Kwa hali ya hewa yetu ya pwani kitu chochote kinachonyonya maji kisikae chini ya kapeti, iwe godoro, iwe blanketi, iwe matambara. Halafu ile kitu ikishika moto unajua inavyowaka.

Fundi Kimya
Mkuu Kibatari ngoja nikae vizuri maana hii kazi naifanya na watu wengi wanapoteza hela kwa kukosa kuelewa vitu vitatu tu.

Yale maroli meusi ni butili, mpira fulani laini wenye gundi, juu una karatasi ya aluminiamu. Kazi yake SIO kuzuia sauti isipite. Kazi yake ni kulituliza bati lisitetemeke. Gonga bati tupu la buti kwa vifundo vya vidole litalia ngo ngo ngo kama debe, bandika kipande cha butili katikati gonga tena litalia dup. Basi, kazi imeisha hapo. Kwaio huhitaji kufunika bati lote, ukibandika robo mpaka theluthi ya kila bati pale katikati panapolia sana umeshapata sehemu kubwa ya faida, kinachobaki ni kumnenepesha muuzaji. Huyo wa milioni na laki mbili anakuuzia eneo, hakuuzii ukimya.

Sauti inayopita hewani, mfano mvumo wa tairi, hiyo butili haiiwezi. Inataka kitu kizito kisicho na matundu, kuna vinyili nzito, plastiki laini ya shuka, inauzwa kwa mita, kama kilo 5 kwa mita ya mraba, unailaza juu ya sponji ngumu isiyonyonya maji halafu ndo kapeti. Sponji ngumu namaanisha ile nyeusi mafundi AC wanafungia mabomba ya gesi, inauzwa pia kama shuka, muulize fundi AC yeyote. Hiyo hainywi maji na inasaidia kwenye joto. Vinyili lazima iungane yote, ukiacha uwazi sauti inapita hapo hapo kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Sasa kwenye Z33 tatizo lako unalijua umbo lake, gari halina ukuta kati ya buti na siti. Gari la kawaida la saluni lina siti ya nyuma, lina bati au angalau godoro la siti linalokinga. Wewe mgongoni kwako ni buti moja kwa moja, na chini ya buti tairi mbili pana zinanguruma. Kwaio kelele yako asilimia kubwa iko nyuma, usianze na milango wala rufu.

Ila kabla ya kutoa hata shilingi, nijibu haya: tairi ni za mwaka gani? Sailensa ni ya kiwandani au imebadilishwa? Na ile raba ya ndani ya gia, chini ya ngozi unayoiona, nzima au imechanika?

Kibatari
Fundi Kimya ubarikiwe. Tairi zimekuja na gari kutoka Japani, kashata (yale meno ya tairi) nzuri tu hazijaisha. Mwaka naangaliaje? Sailensa mwenye gari wa huko alishabadili, bomba kubwa hilo linatoka na mlio mtamu. Raba ya gia sijafungua.

Fundi Kimya
Pembeni ya tairi tafuta maandishi DOT, mwisho kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Na kashata isikudanganye, mpira ukizeeka unakuwa mgumu kama kwato, ndo unanguruma. Halafu ukiwa barabara tupu yumbisha gari kidogo kushoto kulia, mvumo ukibadilika ukielemea upande mmoja hiyo ni beringi, hakuna butili itakayokusaidia.

Kibatari
Nimetoka kuangalia na tochi ya simu hapa. 3512.

Mla Korosho
Hahahaha wiki ya 35 mwaka 2012. Tairi lina umri wa kuingia darasa la kwanza mara mbili.

Wa Thika Road
Kaka wa Bongo salamu kutoka Nairobi. Mimi niliingia tamaa ya bei rahisi nikanunua ile tepu ya lami ya mafundi wa paa, wanazibia mabati yakivuja, inafanana kabisa na butili, hata karatasi ya fedha iko. Nikabandika rufu yote ya gari na milango. Shida yake hiyo ni lami sio butili. Gari ikashinda kwa jua parking siku mbili tatu, lami ikalainika, kwanza harufu, unaingia gari ni kama umeingia barabara inawekwa tarmac, halafu kipande kikaachia kikalalia kitambaa cha rufu kikatoa doa nyeusi mpaka leo. Kubandua ilikuwa wiki nzima na petroli na kisu butu. Na hiyo ni Nairobi baridi yetu, sijui Dar ingekuwaje. Ukinunua nusa kwanza, ikinuka lami rudisha.

Bin Rashidi
Ndugu yangu, mie niko Maskati, huku Z za mfano wako zimejaa tele na jua la mwezi wa saba ushalisikia, kwa hiyo kuhusu joto niachie mie niseme. Kwanza hebu litenganishe joto lako. Joto la juani na joto la egzosi ni vitu viwili. Hiyo Z kioo cha nyuma ni kikubwa halafu kimelala, jua linaingia hapo linapika buti zima na hewa ya moto inakujia shingoni, dawa yake ni filamu nzuri ya kuzuia joto kwenye kioo, sio kubandika mabati. Pajani pako hapo pa gia ni joto la chini, gia boksi na egzosi vinapita humo.

Na hapo wengi wanakosea wallahi. Karatasi ya fedha hurudisha joto pale tu palipo na uwazi wa hewa mbele yake. Ukiibandika ikagusana na bati la moto haina maana tena, joto linapita tu kama kijiko ndani ya chai. Ndo maana kiwandani wanaweka bati jembamba baina ya egzosi na bodi, limeachwa mbali kidogo halikugusa. Lala chini ya gari utazame yale mabati kama yapo yote. Yangu mie yalikuwa yamekosekana mawili, kuna fundi alinyofoa kwa sababu yalikuwa yanalia chakchak, badala ya kukaza skrubu akatupa.

Na joto likija na harufu ya moshi usibandike chochote, peleka kwanza egzosi itazamwe gasketi. Ule moshi una sumu isiyonuka, na wewe unataka kujifungia nao ndani.

Drift Mwananyamala
Mimi napinga. Gari la sport mnalijaza mizigo liwe basi? Wenzenu wanatoa kapeti nyie mnaongeza. Kelele ndo raha yenyewe bana.

Fundi Kimya
Drift, tukifanya buti na chini ya siti tu butili ni kama mita 4 za mraba, kilo 12 hivi, vinyili ya nyuma mita mbili kilo 10. Jumla ni kama mtoto wa miaka saba kakaa kwenye gari la kilo 1,400 na kitu. Kibatari tanki likiwa robo badala ya full utakuwa umeshafidia.

Altezza ya Mama
Na mtoto wa miaka saba hapati pa kukaa, gari siti mbili 😂

Umeme wa Gari
Nachomekea. Ukitoa siti kumbuka kuna airbag pembeni ya siti na waya wake una soketi ya NJANO chini. Toa betri kwanza, subiri dakika kumi, ndo uchomoe. Na siti ikiwa nje usije ukawasha swichi eti unasikiliza mziki wakati unafanya kazi, taa ya airbag itawaka na huenda isizime mpaka ifutwe kwa mashine ya kupimia. Usibandike juu ya matundu ya kutolea maji chini ya milango na chini ya buti, na ule mfuniko wa pampu ya mafuta nyuma ya siti uache wazi, siku pampu ikifa utanishukuru. Klipu za plastiki nunua za akiba, lazima zivunjike.

Kibatari
Nimeandika yote kwenye daftari. Naanza na tairi na uvungu, ntaleta mrejesho.

Kibatari
MREJESHO, wiki ya tatu sasa.

Wakuu samahani nilipotea. Nilianza na uvungu, gari likapandishwa, Bin Rashidi kama ulikuwepo vile. Juu ya masega ya egzosi, yale ya kusafishia moshi, matundu mawili ya skrubu matupu, bati hakuna. Fundi bati akanikatia shuka la aluminiamu, tukaweka washa (vile vipete vya bati) kati ya shuka na bodi kwenye kila skrubu, likae mbali na bodi kama sentimita moja. Gasketi nzima, hakuna moshi. Kisha nikafungua ngozi ya gia, raba ya ndani imepasuka nusu duara, mkono wangu unapita naona barabara! Siku zote nilikuwa nakaa na dirisha wazi pajani. Raba mpya nimeipata, ikafungwa. Kwa haya mawili tu joto la paja limeisha kwa kiasi kikubwa na sijabandika hata kipande.

Tairi nikabadili zote nne, hapo bajeti ya laki sita ikafa ikazikwa, mama watoto msimwambie.

Kubandika nilibandika mwenyewe na mdogo wangu Jumamosi na Jumapili. Tulisafisha bati na spiriti, nikaweka butili juani dakika chache ikalainika yenyewe (wanaosema ununue mashine ya hewa moto nadhani wanaishi kwenye barafu), tukabandika sehemu ya tairi la akiba, juu ya tairi za nyuma kwa ndani, na nyuma ya siti, tukakandamiza na roli mpaka mikono ikauma. Halafu sponji nyeusi, halafu vinyili. VAENI GLOVU. Ile karatasi ya fedha ni wembe, nina plasta vidole vinne. Klipu zimevunjika sita, Umeme wa Gari ulisema kweli.

Nilipima kelele na programu ya simu, najua simu sio kipimo cha kuaminika sana ila nilitumia simu ile ile, kipande kile kile, spidi 80, vioo vimefungwa AC namba moja. Mwanzo desibeli 79. Baada ya tairi 76. Baada ya kubandika 73. Tunaongea sasa bila kupaza sauti, na redio nimeishusha.

Kilichobaki, nikishika mzunguko wa injini wa 2,500 hadi 3,000 kwa dakika gari lote linavuma uuuuuum mpaka kichwa kinagonga, ukipita hapo linaacha. Hii nayo niongeze vinyili?

Fundi Kimya
Hongera sana aisee. Desibeli 6 sio mchezo. Huo uuuum ni sailensa yako hiyo kubwa, sauti nzito ya chini namna hiyo inapita kwenye vinyili kama haipo, hata ukibandika mpaka kwenye paji la uso. Rudisha sailensa ya kiwandani au chomekea chupa ya kupunguzia mvumo katikati ya bomba.

Kibatari
Hapo ndo pagumu mkuu, mlio wa hiyo sailensa ndo ulionifanya ninunue gari.

Drift Mwananyamala
Sasa naanza kukuelewa.

Wa Thika Road
Butili imebaki?

Kibatari
Vipande vitano. Ila mlango wa kushoto bado unalia ngo ngo, nimeugonga asubuhi. Kwaio sina uhakika kama vimebaki.