Prado ya viti saba: harufu ya maziwa haiondoki hata baada ya kuoshwa ndani

MzaziUmoja
Wadau, habari zenu. Gari ni Prado 150, viti saba, vya kitambaa. Pakiti ya maziwa ya nusu lita ilipasuka nyuma ya kiti cha dereva, yakateremka hadi chini ya reli za kiti. Waosha magari walimwaga maji ya moto na sabuni, wakavuta kwa vakyumu, gari likatoka likinukia vizuri. Sasa likikaa juani, uchachu unapanda. Tena kapeti ya mbele kushoto ina unyevu, na safu ya tatu imejaa makombo, udongo mwekundu na manyoya ya mbwa. Nataka kuisafisha mwenyewe nyumbani. Nianzie wapi? Ni lazima nitoe viti?

BrashiNaTaulo
Pole sana. Harufu haiko kwenye kapeti unayoiona, iko chini yake. Kapeti yenyewe ni nyembamba. Chini kuna sponji na tabaka zito la kuzuia kelele, lililolala juu ya bati. Maziwa yakifika huko, vakyumu ya juu haiyapati. Maji ya moto yamezidisha tatizo, kwa sababu hugandisha protini za maziwa kwenye nyuzi, na wingi wa maji umeyasambaza mbali zaidi. Kwa hiyo ndiyo, toa kiti cha dereva na cha safu ya kati upande huo. Ukiruka hapo, kila utakachonyunyizia juu kitakuwa manukato tu.

Kabla ya maji yoyote, maliza kazi kavu. Udongo mwekundu ukilowa kabla ya kuvutwa unageuka doa, kwa hiyo uache ukauke kabisa, piga kapeti kwa brashi ngumu, ndipo uvute. Manyoya ya mbwa yakusanye kwa glavu ya mpira yenye unyevu kidogo, ukifuta upande mmoja tu. Kunja na ukunjue viti vya safu ya tatu mara kadhaa. Makombo mengi yamejificha kwenye bawaba, na brashi ndogo ya rangi huyafikia.

Sasa maziwa. Viti vya mbele vinashikwa na bolti nne kila kimoja, soketi ya 14. Tandika blanketi kuukuu kwenye kizingiti cha mlango, maana reli hukwaruza rangi. Vuta juu plastiki za kizingiti, kunja kapeti, iegemeze kwa kipande cha mbao. Taratibu na mifereji ya plastiki inayopeleka hewa nyuma, hupasuka kirahisi. Mwagia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, vuta kwa vakyumu ya maji, rudia mpaka yanayotoka yawe maangavu, bila weupe wa maziwa. Kisha weka dawa ya vimeng'enya (enzaimu), ile inayouzwa kwa madoa yanayoachwa na wanyama wa nyumbani. Lazima izame kina kilekile maziwa yalikozama, na ibaki mbichi usiku kucha, kwa hiyo funika kwa nailoni. Usitangulize Jik wala dawa yoyote ya kuua vijidudu, itaviharibu vimeng'enya. Asubuhi suuza na uvute tena.

Siki wanayoshauri wengi haifai sana hapa. Uchachu wa maziwa ni asidi, na siki nayo ni asidi.

WayaNaFyuzi
Naongeza la usalama kabla hujashika soketi. Chini ya kiti kuna plagi za manjano, hizo ni za eabegi (mfuko wa hewa wa usalama). Zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri dakika mbili au zaidi (Toyota hutaja sekunde 90), ndipo uchomoe. Usiwashe swichi viti vikiwa nje: taa ya eabegi itawaka, na huenda ukahitaji mashine ya kusoma kompyuta ili kuizima.

Unyevu wa mbele kushoto ni kesi nyingine, usiuchanganye na maziwa. Gusa yale maji. Yakiteleza na kuwa na harufu tamu, ni kulanti (maji ya kupozea injini) kutoka hita, na hiyo ni kazi ya fundi. Yakiwa maji safi, shuku bomba la kutolea maji ya eisii (kiyoyozi). Washa eisii dakika kumi na tano, uchungulie chini upande wa abiria. Kusipodondoka chochote huku kapeti ikizidi kulowa, bomba limeziba. Lizibue kutoka chini kwa waya laini, bila kusukuma kwa nguvu. Kama gari lina dirisha la paa, angalia pia mifereji yake ya pembeni.

MzaziUmoja
Asanteni sana. Na kukausha je? Huu ni Julai, jua lenyewe ni la kubahatisha.

BrashiNaTaulo
Ndiyo hatua inayoharibu kazi nyingi hapa Nairobi. Usirudishe kapeti siku hiyohiyo. Elekeza feni ya mezani chini ya kapeti iliyokunjwa, milango wazi kidogo, gari likiwa chini ya paa. Tarajia siku mbili. Bonyeza karatasi ya chooni kwenye sponji kwa kidole: ikitoka na unyevu wowote, endelea. Ukifunga mapema utapata ukungu, na ukungu ni mgumu kuutoa kuliko maziwa.

Wakati feni inafanya kazi, shughulikia mengine. Kitambaa cha darini kiguse kwa taulo yenye unyevu tu. Kikilowa, gundi inaachia na kinaning'inia. Mikanda ivute mpaka mwisho, ibane kwa kibanio cha nguo, sabuni laini na maji, kamwe si Jik, kwani hudhoofisha nyuzi. Mafuta ya kung'arisha usipake kwenye usukani wala pedali, yanateleza. Dashibodi nayo ikimetameta inaakisi kwenye kioo cha mbele.

Kichujio cha hewa ya ndani kiko nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Kibadilishe mwisho kabisa, mshale ukielekea ulivyokuwa, la sivyo kipya kitanyonya harufu ya kazi yote.